Kochi Kwenye Stoo ya Viatu

Kizito amekufa. Habari ilinifikia Jumanne saa nne asubuhi, nikiwa kinuni kwangu Webuye nikibishana na mama mmoja aliyeleta mahindi ambayo hayajakauka, na aliyenipigia ni Hamadi wa Tanga, ambaye siku hizi ana duka la vipuri na bado anaongea kama mtu anayetangaza mpira. "Mzee Barasa, kaa chini kwanza." Nikamwambia sikai, sema. Akasema. Nikazima mtambo, nikamwambia yule mama mahindi yake yarudi juani, nikaingia kwenye kibanda cha mashine na kufunga mlango. Sikulia. Nilikasirika. Hasira yenyewe haikuwa mpya, niliitambua kama mtu anavyotambua koti lake la zamani. Niliivaa mara ya kwanza Doha, mwaka ule ambao mwishoni mwake Qatar ilitangaziwa Kombe la Dunia, na nilidhani nimeivua.

Nilizaliwa wapi, tena na nani, hayo hayamsaidii mtu hapa. Niliacha shule darasa la tano, nikaendesha malori, na nikafika Doha nikiwa na miaka arobaini na sita, umri ambao wenzangu walikuwa wanaanza kutafutia mabinti zao waume. Kinu hiki, vyumba vya kupangisha, hata hii kalamu ninayoandikia, hakuna aliyenipa. Nasema hivyo ili mtu asije akafikiri naandika kwa sababu ya kuonewa huruma. Wasomi wameandika mengi kuhusu kutibu akili za watu na kuhusu Kanisa, na mwalimu mmoja wa sekondari hapa kwetu aliwahi kuniambia mambo hayo ni mazito kwangu. Nilimwuliza kama yeye amewahi kuona ndoto ya rafiki yake ikisomwa gwarideni. 

Tulikaa Al Mansoura, katika nyumba ya ghorofa mbili iliyokatwakatwa kwa mbao hadi sebule moja ikawa vyumba vinne. Chetu kilikuwa na watu sita, vitanda vya kupandiana, dirisha lililozibwa kwa karatasi ya kung'aa ili jua lisiingie, na kiyoyozi kilichokohoa kama babu. Mimi nilikuwa dereva wa kampuni ya ulinzi. Kizito, Mganda wa Masaka, mrefu, mpole, mwenye kucheka huku amefunika mdomo kwa mkono, alikuwa mlinzi wa lango la jengo moja West Bay. Hamadi alikuwa mlinzi pia, lakini kwa moyo alikuwa mpishi. Alhamisi jioni Wakatoliki wa nyumba ile tulijibana chumbani mwetu tukasali rozari kwa sauti ya chini, kwa sababu kusali kikundi majumbani hakukutakiwa, na mimi ndiye niliyeongoza. Kwa hiyo waliniita Katekista, ingawa kwetu sikuwahi kupewa cheo hicho. Hamadi, Mwislamu wetu, alilala kitanda cha juu na simu yake, na kila tukifika mahali pasipotakiwa aliitikia "Amina!" ili kutuchokoza. "Hamadi, funga mdomo," nilimwambia. "Katekista, nawasaidieni bwana, mnachelewa, maharage yanaungua." Tukimaliza tulikula ugali na maharage sakafuni, juu ya nailoni, na yeye ndiye aliyepakua. Ijumaa, ndiyo siku ya mapumziko kule, tulikwenda Misa nje ya mji, ambako makanisa yote yalikuwa ndani ya ukuta mmoja, bila msalaba wala kengele nje, na unapitishwa langoni kama mtu anayeingia bandarini. Mimi hilo halikunisumbua. Ndani ya ukuta ule padri alikuwa padri.

Mapema mwaka huo mlinzi mmoja alipanda juu ya paa la nyumba yetu mchana kweupe, akakataa kushuka. Alikuwa ameomba ruhusa ya kwenda kwao mara tatu. Ieleweke kwamba wakati ule mtu hakuweza kutoka nchi ile bila karatasi ya mwajiri, khuruji tuliiita, na pasipoti zetu zilikaa kabatini kwa kampuni. Jamaa alishushwa salama, akapelekwa nyumbani siku ileile, ndipo tukajua kwamba khuruji huweza kupatikana kwa saa tatu mtu akiwatia aibu. Kampuni ikaogopa. Badala ya kutoa likizo, ikaleta daktari.

Walimpa chumba ofisini kilichokuwa stoo ya viatu vya kazi. Viatu walivihamisha, harufu ikabaki. Akaweka kochi la ngozi la rangi ya kahawia, boksi la karatasi laini za kupangusia machozi, picha ya bahari, na kiti chake mwenyewe nyuma ya kichwa cha kochi, mahali ambapo aliyelala hawezi kumwona. Kila mtu alipangiwa zamu na kutia saini. Unalala, unasema chochote kinachokujia, hasa ndoto. Wenzangu walicheka wiki nzima. "Ukisinzia kwenye kochi utakatwa siku," alisema Hamadi. "Na ukiota pale pale je? Dakta anaingia ndani na wewe?" Tukamwita Dakta Kochi.

Mimi ndiye niliyemwendesha. Nilimchukua West Bay kwenye ghorofa yake, nikampeleka ofisini, nikamrudisha. Alikuwa mzee mwembamba wa Amerika ya Kusini, mwenye mke mgonjwa, na kila Ijumaa nilimwona kwenye Misa ileile yetu, amepiga magoti viti vya nyuma. Tulizungumza Kiingereza cha kuokoteza, chake na changu vyote vibovu, kwa hiyo tulielewana. Aliniambia alilelewa na mapadri, akawakimbia akaenda kusomea kutibu watu kwa kuwasikiliza, akarudi kanisani uzeeni. Nikamwambia hiyo kazi yake ni kitubio bila sala. Akacheka sana. "Barasa, maaskofu wetu walinigombeza miaka mingi kwa maneno hayohayo. Walisema tumewaibia kazi." Tulinunua karaki, chai ya maziwa na iliki, dirishani mwa gari, akawa anapuliza mvuke na kunisimulia. Kwao walitawala majenerali. Maaskofu wengine walikula nao meza moja. Siku moja maofisa wawili walikuja kwake wakitaka madaftari, waambiwe wagonjwa wake wanasema nini wakilala kwenye kochi. Wakaenda pia kwa padri wa mtaa huohuo, wakitaka kujua vijana wanaungama nini. Padri alikataa, akachukuliwa na gari lisilo na namba, hakurudi. Daktari aliyachoma madaftari ndani ya beseni la kuogea, akatoroka na mkewe. "Harufu ya karatasi ile ninayo mpaka leo," alisema, akajigusa pua.

Nilimheshimu. Naandika neno hilo kwa uchungu. Nilimwona mtu aliyesimama pamoja na padri, kochi na kitubio bega kwa bega mbele ya bunduki, na nikasema moyoni, huyu ni wetu.

Kizito hakutaka kwenda kwenye kochi. Mama yake alikuwa mgonjwa Masaka, likizo yake ilikuwa imekataliwa mara moja na sasa alikuwa ameomba tena, na mudiri, yaani meneja wetu, alikuwa ameahidi kuitazama. Hakutaka kufanya lolote la kuharibu. Tena alikuwa na ndoto moja iliyomrudia, alinisimulia tukifua nguo darini. Anaota yuko uwanja wa ndege amevaa kanzu nyeupe ya mudiri. Inamzidi urefu, ameishika kwa mikono miwili kama mwanamke anayevuka mto. Askari wote wanampigia saluti. Anapita, anapita, anafika mlango wa ndege, na mlangoni amesimama mama yake, anamwuliza: "Kitambulisho chako kiko wapi?" Hapo anaamka. "Banange, Mzee, siku tatu silali. Nimwambie Dakta?" Nami, huku nakamua shati, nikamjibu kwa kujiamini kwa mtu anayeitwa Katekista: "Mwambie. Ni kama kitubio. Yule mzee alichoma madaftari yake kwa ajili ya watu. Linaloingia pale halitoki."

Akaenda. Baadaye aliniambia alifanya kama kanisani. Alipiga magoti kwanza kando ya kochi, akajifanyia ishara ya msalaba, akasema, "Nibariki." Daktari akamwambia taratibu alale tu. Akamhakikishia kila neno linabaki chumbani. Akamsikiliza saa nzima, akamwuliza habari za kanzu, akamwuliza habari za mama, na Kizito akatoka mwepesi, jioni ile akala sahani mbili. "Mzee, ulisema kweli," aliniambia. "Nimelitua."

Wiki ya pili, saa kumi na moja alfajiri, tukiwa tumepangwa mstari kusubiri mabasi, msimamizi wa nyumba yetu, tuliyemwita kempubosi, alipita akituhesabu. Alifika kwa Kizito akasimama. Akamwinamia kwa adabu ya kebehi. "Ahlan, shehe wa Masaka! Leo umekuja na suruali? Kanzu umeiacha uwanja wa ndege?" Akajishika kaptura yake pande mbili, akatembea kwa madaha kama mtu anayevuka maji. Watu themanini wakacheka. Hawakujua wanacheka nini, walicheka kwa sababu bosi anacheka. Kizito hakufunika mdomo safari hii. Aligeuza kichwa polepole akanitazama mimi, niliyekuwa mlangoni mwa basi na funguo mkononi. Mchana akaitwa ofisini. Likizo imefutwa. Karani alininong'oneza baadaye kwamba faili lake lilikuwa na karatasi ya daktari: mfanyakazi huyu ana shauku ya kutoroka, akitoka hatarudi, na ndani yake anataka kuchukua nafasi ya mudiri.

Mtu amenyimwa ruhusa kwa sababu ya ndoto! Mimi ni Mkatoliki, na Kanisa langu linajua kuhesabu. Linahesabu uvivu, linahesabu tamaa, linahesabu neno ulilomwambia jirani kwa hasira. Lakini ndoto halijawahi kuihesabu, kwa sababu aliyelala hakukusudia. Bibi aliyenifundisha katekisimu chini ya paa la nyasi, asiyejua kusoma, alilijua hilo. Hawa wenye vyeti ukutani hawakulijua, au walilijua wakaona lina faida.

Jioni nilimkuta Kizito amekaa kitandani na viatu miguuni. Nikamwambia, si mimi. Naapa kwa mama yangu si mimi, ni Dakta. Hakupandisha sauti. "Ndoto ile nilisema kwa watu wawili, Mzee. Wewe na yeye. Na wewe unamwendesha, mnakunywa chai." Nikarudia, ni Dakta. Akasema, "Sawa. Ama uliiuza wewe, ama ulinipeleka kwa anayeuza. Chagua." Hamadi akashuka kutoka juu akataka kuingilia, "Jamani, tule kwanza," Kizito akamwambia, "Kula na Katekista wako," akajilaza akaugeukia ukuta. Miaka mingi nimeitafuta njia ya tatu katika maneno yale. Haipo.

Asubuhi yake nilimchukua Dakta. Niliendesha mpaka tukafika taa za barabara ya pwani, taa zikawa nyekundu, nikazima injini kabisa. Magari nyuma yakaanza kelele. "Dakta, Kizito ndoto yake nimeisikia kwa kempubosi." Akavua miwani. Akasema kampuni ilimwomba muhtasari tu, kwa usalama wa wafanyakazi, baada ya lile jambo la paa, na hakujua wataisoma hadharani. Nikamwambia: "Kwenu walikuomba kwa bunduki, ukachoma. Hapa wamekuomba kwa barua pepe, ukaandika." Honi zikalia. Akanigeukia. "Kwetu nilikuwa kijana, Barasa. Hapa mke wangu anatibiwa kwa viza yao. Hata mimi siwezi kutoka bila karatasi yao. Hulijui hilo?" Nilikuwa silijui. Nimelifikiria tangu siku hiyo na nakiri lina uzito. Lakini yule padri wa mtaa wake naye alikuwa na shingo moja tu, na aliitoa. Nikawasha gari. Nilipomshusha nilimwambia sitamwendesha tena, nikaenda nikasema hivyo ofisini, wakanipokonya funguo na kunipeleka Al Wukair kulinda uwanja wa ujenzi usio na kivuli, miezi minne, kichwa changu kikiiva. Sijutii hata dakika moja.

Ijumaa iliyofuata nilimwona Dakta kwenye mstari wa maungamo, mbele yangu kabisa, na koti lake la kijivu. Aliingia akakaa muda mrefu. Alitoka akipangusa miwani kwa leso, uso umelainika kama wa mtu aliyelala vizuri, akanipita. Ilipofika zamu yangu nilipiga magoti, na upande wa pili wa kitambaa alikuwa yule padri mfupi Mhindi tuliyempenda wote. Nikasema, "Nibariki, Padri. Lakini kabla ya zangu, nataka kujua yule aliyetoka amesema nini kuhusu Kizito." Padri akauliza, "Nani ametoka, Barasa?" "Mwenye koti la kijivu, Padri! Umekaa naye nusu saa!" "Sijaona mtu," akasema. "Endelea na zako." Nikamwambia kwamba rafiki yangu amenyimwa kumwona mama yake, na kwamba mkosaji ametoka hapa amepanguswa kama sahani, na mimi nabaki na uchafu. "Sijaona mtu, mwanangu," akarudia, na sauti yake haikuwa ngumu. Nilisimama nikaondoka bila kuungama. Nilimkasirikia padri yule kuliko nilivyomkasirikia kempubosi. Kile kimya nilichokuwa nakisifu darini, nikikamua shati, sasa kilimfunika Dakta. Mwaka mzima uliobaki niliongoza rozari bila kukanyaga kitubio, na wenzangu hawakujua.

Kochi hatukuweza kulikataa, saini ilikuwa lazima. Kwa hiyo tulianza kumtungia Dakta ndoto. Alhamisi, rozari ikiisha, tulikaa kuzunguka nailoni tukagawana. Hamadi alikuwa bingwa. "Wewe, Katekista, umeota mudiri ni baba yako, amekubeba mgongoni. Wewe, umeota unapiga pasi nguo za kampuni, unaimba. Mimi nimeota nimepewa likizo, nikakataa, nikalia!" Tukacheka mpaka tukakohoa. Kizito alikuwa kwenye kona yake, na mara moja, mara moja tu, niliona mkono ukipanda kufunika mdomo. Nadhani Dakta alitambua. Siku moja nilipolala pale nikamsimulia habari ya kubebwa mgongoni, nilisikia nyuma ya kichwa changu kalamu ikiwekwa chini. Hakuandika tena hadi saa ikaisha. Baada ya miezi michache hakuonekana, na viatu vikarudi stoo. Kochi walilitoa nje, paka wakalala juu yake.

Mama yake Kizito alifariki wiki ileile Qatar ilipotangaziwa Kombe la Dunia. Tangazo lilipotoka jioni, Doha yote ilimwagika barabarani, honi, bendera, watoto nusu miili nje ya madirisha ya magari. Chumbani kwetu dirisha la karatasi lilikuwa likitetemeka. Kizito alikuwa amekaa na simu, akisikiliza wanavyomzika mama yake, maana ndugu yake aliishikilia simu kaburini. Alikuwa ameziba sikio la pili kwa kidole ili kusikia. Nilitaka kwenda kukaa kando yake. Nilinyanyuka, akaniangalia, nikarudi nikakaa. Mkataba wake ulipoisha aliondoka, akamkumbatia Hamadi, akanipa mimi mkono. Mkono tu.

Basi nilikwenda kumzika Kizito. Basi la kutoka Busia, siku nzima, na mgongo huu. Nyumbani kwake kulijaa watu na matoke, na mjane wake, mwanamke mnene mwenye sauti ya upole, aliposikia jina langu alinishika mikono yote miwili. "Ssebo, wewe ndiye Mkenya wake! Alikusema." Nikamwuliza alisema nini. Alisema nilimfundisha kufua mashati meupe. Nikamwuliza kama aliwahi kumsimulia ndoto, ya uwanja wa ndege, ya kanzu. Akanishangaa. "Ndoto gani? Kizito hakuwa mtu wa ndoto."

Padri wao ni kijana, angeweza kuwa mjukuu wangu. Nilimvizia baada ya kaburi kufunikwa, akiwa anakunja stola yake kando ya gari. Njia nzima nilikuwa nimelipanga swali: je, alikuambia alinichagulia lipi kati ya yale mawili, na je, alinisamehe? Nikamwuliza kwanza kama alimwungamisha. "Ndiyo, Mzee. Siku mbili kabla." Nikafungua mdomo niendelee. Nikaona uso wake unaanza kufunga, taratibu, kama mlango wa duka saa ya kufunga, na nikaujua uso huo, ingawa ule wa kwanza ulikuwa nyuma ya kitambaa.

"Usinijibu," nikamwambia haraka. "Hata nikikushika shati, Padri, usinijibu."

"Sitakujibu, Mzee," akasema.

Nikashusha pumzi. Kisha nikamwambia kwamba mimi mwenyewe nina deni la miaka mingi na kitubio, kwamba kuna mtu nilimtuma mahali, na kama ana nafasi nataka kulisema leo, kabla udongo ule haujakauka. Akatafuta viti viwili vya plastiki, akavipeleka nyuma ya gari. Akakaa ubavuni kwangu, akageuzia uso upande wa pili, mimi nikabaki natazama migomba.